Habari za Askofu Edward Steere na Mafundi Wake

Mtu atokaye Lindi kwenda bara kwa njia ya zamani hulifuata bonde la mto Lukuledi. Mkono wake wa kushoto upo uwanda wa juu wa Wamakonde, unaopanda mpaka Newala. Mkono wa kuume zipo nchi za juu za Rondo. Na mbele yake, baada ya siku kadhaa za mwendo, hutokeza vilima vya mawe vya Masasi. Zamani za utumwa misafara ya mateka ilipita pande hizi ikitoka Nyasa, watu wamefungwa makongwa shingoni, nyuso zao zikielekea bahari. Mwaka 1876 ulipita msafara wa namna nyingine. Walikuwamo wanaume kwa wanawake waliokuwa watumwa na sasa ni huru, nao waliipa bahari kisogo, wakienda bara kutafuta mahali pa kujenga.

Aliyewaongoza ni Edward Steere, Askofu wa misheni ya Waingereza iitwayo Misheni ya Vyuo Vikuu. Hakuwa wa kanisa letu la Kilutheri, na labda msomaji atauliza kwa nini habari zake ziwekwe katika gazeti hili. Tunajibu kwamba katika shirika zetu wapo wengi wamjuao kwa jina tu, kama mtu wa vitabu na mfasiri wa Maandiko, nao hawajasikia habari za mafundi wake. Kwa maoni yetu mafundi hao ndio sehemu ya maisha yake iliyo na faida kubwa kwa walimu wa vijijini, ambao killa mwaka huwaona vijana wakitoka shuleni na kalamu mkononi, wala hawajui la kufanya.

Alizaliwa London mwaka 1828. Akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata daraja ya udaktari wa sheria mwaka 1850, umri wake miaka 22 tu, akaruhusiwa kusimama mbele ya mahakimu kama wakili. Angeweza kukaa mjini akapata mali. Lakini kazi ile haikuupendeza moyo wake. Mwaka 1856 akawekewa mikono kuwa shemasi, kisha kuwa kasisi, akapelekwa Skegness, kijiji kilichoko pwani ya mashariki ya Uingereza, penye wavuvi na wakulima. Watu wale hawakujali udaktari wake wa sheria. Walimpenda kwa sababu hakuona haya kuvua koti na kukunja mikono ya shati. Tabia hii hakuiacha Uingereza aliposafiri.

Mwaka 1863 rafiki yake Tozer aliwekwa kuwa Askofu wa misheni ile badala ya Askofu Mackenzie, aliyekufa kwa homa katika nchi za Shire. Steere akafuatana naye, kwa nia ya kukaa muda mfupi tu. Walijaribu kwanza katika nchi za mto Zambezi, wakaona hapakaliki, hata mwaka 1864 wakahamia Unguja. Hapo Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, aliwapa watoto wanaume watano waliopatikana katika jahazi la watumwa. Ndio wanafunzi wa kwanza. Baadaye manowari za Waingereza zilipokamata majahazi baharini wakaletwa wengine, mara wachache, mara wengi kwa pamoja, nao walikuwa wa makabila mbalimbali: Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine wasiojua hata jina la nchi yao.

Tufikiri kidogo hali ya watoto hao. Mtoto wa kijijini ana baba wa kumfundisha kulima, ana mjomba wa kumpa shamba, ana jamaa wa kumtetea. Hawa hawakuwa na mtu. Kuwapa chakula na nguo lilikuwa jambo jepesi, maana fedha ilitoka Ulaya. Lakini mtoto hukua, na mtu mzima anayelishwa na misheni yu karibu sana na mtumwa, ingawa bwana wake ni mpole. Steere aliitambua hatari hii mapema. Tena aliona hali ya mji wa Unguja, ambapo siku zile vibarua wengi walikuwa watumwa waliopewa ruhusa na mabwana zao kwenda kutafuta kazi, na jioni sehemu kubwa ya ujira ilikwenda kwa bwana. Mtu huru mwenye ufundi alikuwa na neno moja kubwa kuliko hao: ujira wake ulikuwa wake mwenyewe.

Basi alianza na kazi aliyoijua mwenyewe, nayo ni kupiga chapa. Palikuwa na mtambo mdogo wa chapa, akawafundisha vijana wale kuzitambua herufi za risasi, kuzipanga mstari kwa mstari, kutia wino, kukaza karatasi, na kusahihisha makosa. Wasomaji wanaojua kazi hii watakubali kwamba humfundisha mtu mambo mengi kwa pamoja. Mpanga herufi hutazama maneno yaliyo kinyumenyume kama katika kioo. Hawezi kuruka hata nukta moja. Na akizembea, kosa lake huonekana na watu mia. Kijana aliyekuwa hajui kusoma alipoingia chumbani mle, kwa kazi ya mikono yake alipata kusoma vizuri kuliko wengi waliokaa mbele ya ubao.

Mwaka 1867 chapa ya Unguja ilitoa kitabu kidogo cha maneno ya Kishambala. Tunalitaja hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Usambara, kwa kuwa wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891 tu. Yaani miaka zaidi ya 20 kabla yao, maneno ya Kishambala yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa Unguja. Na mwaka 1876, mwaka ule ule wa safari ya Masasi, kikatoka kitabu cha namna hiyo cha lugha ya Kimakonde.

Katika miaka ile Steere alikaa Uingereza toka 1868 mpaka 1872. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, pamoja na kile cha hadithi za Waswahili. Hatutakaa sana juu ya vitabu hivi, kwa maana sifa zake zimeandikwa na wengi. Alipokwisha kurudi Unguja mwaka 1872 alikuta kazi imevunjika vibaya. Tufani ya mwezi wa Aprili mwaka ule ilikuwa imeangusha nyumba na minazi na mikarafuu ya kisiwa, na Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, hata akajiuzulu mwaka 1873. Kazi yote ikaja juu ya Steere. Mwaka 1874 akawekwa Askofu.

Sasa tufike penye jengo lile linalojulikana na killa mtu aliyefika Unguja. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Seyyid Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa. Kiwanja cha soko lile, pale Mkunazini, kikapatikana kwa misheni, sehemu moja kwa kununuliwa na sehemu nyingine kwa zawadi ya mfanya biashara wa Kihindi. Nayo siku ya Krismasi mwaka 1873 likawekwa jiwe la msingi wa kanisa. Ramani ilitoka Ulaya. Mtu mwingine angaliagiza na waashi kutoka Ulaya, na mawe na boriti pia. Steere hakufanya hivyo. Alijenga kwa mawe ya matumbawe ya kisiwa, kwa chokaa iliyochomwa papa hapa, na kwa mikono ya watu wa Unguja, na yeye mwenyewe, Askofu na daktari wa sheria, akawa msimamizi wa waashi. Hakupata kujifunza kazi ya kujenga katika chuo cho chote. Alijifunza kwa kutazama, kwa kupima, kwa kubomoa pasipofaa na kuanza tena.

Jambo lililowashangaza watu ni paa. Kanisa ni pana, na Steere hakutaka boriti, kwa kuwa mchwa huzila. Akakusudia kufanya paa la mviringo, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likijishikilia lenyewe kutoka ukuta mpaka ukuta. Wajuzi walisema litaanguka. Mafundi waliweka mbao za kulishikilia, wakamimina, wakangoja likauke. Kisha ikafika saa ya kuondoa mbao. Paa halikuanguka, wala halijaanguka hata leo. Siku ya Krismasi mwaka 1879, miaka 6 kamili tangu jiwe la msingi, kanisa likafunguliwa kwa ibada. Wageni huonyeshwa humo nguzo za mawe zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, na husimuliwa ya kuwa mafundi walizikosea siku moja Askofu alipokuwa safarini. Sisi tunaona ni vizuri kwamba ziliachwa zilivyo. Kanisa lote limesimama, na nguzo hizo zimesimama pia. Fundi anayejifunza kwa kazi ya kweli lazima ataacha alama za kujifunza kwake.

Tusisahau kwamba miaka 6 ile ilikuwa shule. Mtu aliyeingia akichukua maji na mchanga alitoka akijua kuchanganya chokaa. Aliyechanganya chokaa alipata kushika mwiko. Na aliyeshika mwiko akapata kazi mahali pengine, kwa maana mji wa Unguja ulikuwa ukijengwa sana siku za Seyyid Barghash. Hii ndiyo maana yetu tunaposema kwamba jengo moja kubwa, likijengwa na watu wa mahali, laweza kufundisha kuliko karakana iliyojaa zana zisizo na kazi ya kufanya.

Wale wasiopelekwa kwenye chapa wala kwenye ujenzi walikaa Mbweni, nje ya mji, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Huko watu wazima waliowekwa huru walipewa mahali pa kujenga nyumba na kipande cha kulima. Walifanya kazi ya ujira katika shamba la misheni, na saa nyingine walilima chao. Lakini Mbweni ilikuwa ndogo, na watu walizidi kuja. Tena wengi walikuwa wa bara. Steere akaanza kuwaza: mbona watu hawa wasirudi kwao, si kama mateka wanaorudishwa tu, bali kama watu wenye kitu cha kuwapa jirani zao?

Mwaka 1875 alikwenda kwanza mwenyewe kupeleleza. Alishuka Lindi, akatembea kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, ng'ambo ya mto Ruvuma, akarudi. Mwaka wa pili, mwezi wa Oktoba, akatoka Unguja na watu wa Mbweni, zaidi ya hamsini, pamoja na wapagazi, wakashika njia ya bara kutoka Lindi. Nia ilikuwa kufika mbali, kuelekea Nyasa. Lakini walipofika Masasi waliona nchi nzuri, yenye maji na udongo mwema chini ya vilima, na wale watu wakaomba wakae. Baadhi yao waliona wamekaribia kwao.

Hapa twaona hekima ya Askofu. Kusudi lake lilikuwa Nyasa, na alikuwa ameahidi Nyasa kwa waliompa fedha Ulaya. Mtu mwenye kiburi angewasukuma mbele. Yeye aliwasikiliza, maana ni wao watakaolima na kuzaa na kuzika mahali pale, si yeye. Wakaanza kufyeka na kujenga. Askofu aliwaacha pamoja na kijana aitwaye William Percival Johnson, akarudi pwani. Na mwaka 1877 Chauncy Maples akaja kusaidia. Ndivyo ulivyoanza mji wa misheni wa Masasi.

Tuseme wazi kwamba watu wa Masasi na Newala na bonde la Lukuledi hawakuwa watu wasiojua kazi hata wakafundishwa na wageni. Wahunzi wa bara walifua majembe na shoka tangu zamani. Wamakonde walichonga mti kwa ustadi unaojulikana sasa dunia nzima, nao waligema mpira wa mwituni na kuuza Lindi. Waliokosa ni usalama. Mtu halimi shamba kubwa kama hajui atakuwapo wakati wa mavuno, wala hachukui mpira sokoni kama aweza kuuzwa yeye mwenyewe njiani. Kwa hiyo watu wa Mbweni walileta ujuzi wa pwani, lakini zaidi ya huo walileta mfano: watu waliouzwa, wakarudi, wakalima chao, wakajenga nyumba zao, wakakaa chini ya sheria moja.

Katika kumsifu Askofu hatutaki kuficha lile tuonalo kuwa kasoro ya kazi hii. Misheni ilikuwa na haja ya walimu na makasisi, na kwa kazi hiyo ilichagua watoto wepesi wa kusoma, ikawaweka Kiungani penye chuo. John Swedi, mmoja wa watoto wale watano wa Seyyid Majid, aliwekwa shemasi mwaka 1879, na ilikuwa furaha kubwa. Lakini waliobaki, walioonekana wazito wa kitabu, ndio waliopelekwa kwenye ufundi na shamba. Mwenendo huo uliendelea na kukazwa baada ya Steere. Matokeo yake twayajua, kwa sababu yametufikia na sisi: ufundi ukawa mahali pa wale walioshindwa. Mzazi akiambiwa mwanawe afaa kuwa seremala, husikia kama ameambiwa mwanawe ni mjinga. Steere mwenyewe asingeweza kufikiri hivyo, yeye aliyeshika kalamu asubuhi na kusimamia waashi jioni. Lakini mpango wa shule una nguvu kuliko mfano wa mtu mmoja. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Dk. Martin Luther alifundisha kwamba mshona viatu na mhunzi na mkulima wana wito wao mbele za Mungu, wala si wito wa daraja ya chini. Mwalimu anayewapeleka kwenye useremala wale tu walioshindwa hesabu hajui kwamba seremala ahitaji hesabu killa saa.

Steere aliendelea na tafsiri katika siku zote za ujenzi na safari. Alilimaliza Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja, akafasiri na sehemu kubwa ya Agano la Kale. Wengine wakamaliza, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Kazi hiyo ni mmoja wa misingi ya Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, inayosomwa na shirika zetu nyingi.

Mwaka 1882 alikwenda Uingereza kwa afya yake, akarudi Unguja mwezi wa Agosti. Siku chache baada ya kufika, tarehe 27 Agosti, alikutwa amekufa kitandani. Alikuwa na umri wa miaka 54. Akazikwa nyuma ya altare ya kanisa la Mkunazini, chini ya paa lile waliloliogopa wajuzi.

Habari ya kifo chake ilikuwa haijapoa, na mwezi wa Septemba Wangoni wakaushambulia mji wa Masasi. Watu wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu ambao walikuwa wamekwisha kuwekwa huru mara moja. Nyumba zikateketea. Kazi ya miaka 6 iliharibiwa kwa siku moja. Maples akaihamisha misheni mpaka Newala, juu ya uwanda, kwa Matola mkuu wa Wayao, na wengi wa waliosalia wakamfuata. Huko wakaanza tena kukata miti na kufyeka mashamba. Baadaye Masasi ikakaliwa tena na kujengwa upya.

Mwaka 1895 Wabenediktini wa Kikatoliki wakafungua misheni yao Lukuledi, katika bonde lile lile alilopita Steere na watu wake. Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 ikaziharibu Lukuledi na Masasi pia. Mwaka 1906 Wabenediktini wakajenga Ndanda, kati ya Lukuledi na Lindi, na pale zikaja kuwapo karakana za useremala na uhunzi, pamoja na chapa, ambamo vijana wa Kimakua, Kiyao na Kimakonde walijifunza kazi na kulipwa.